Chumba cha Waya wa Kuku

Belden, Texas
14 Januari 1959

Kwa Dada Verna,

Pokea salamu nyingi kuliko vumbi la hapo kwenu Harkey. Mimi sijambo, ila goti langu la zamani likisikia baridi linanung'unika kama mama mkwe. Shemeji Odell hajambo? Bado kile kiwanda cha pamba kinamtia uziwi? Msalimie, na umsalimie kwa kupiga kelele.

Dada, kazi nimeipata. Mdogo wako Royce, mtoto wa Tidwell aliyelima mashamba ya watu maisha yake yote, sasa ndiye kocha mkuu wa timu ya mpira wa Kimarekani, ule wa kugongana, ya Chuo cha Belden. Miaka yote hii nimekuwa msaidizi, nafuta matope kwenye helmeti za watoto wa wenzangu. Simu ilipokatika nilikaa sakafuni nikalia, na mke wangu Jolene akadhani umekufa.

Sasa sikiliza, maana furaha hii ina mwiba. Kocha aliyefukuzwa ameniachia kundi la vijana laini. Chuo kinawasomesha, kinawalisha na kuwalaza bure kwa ajili ya mpira, na kwa kanuni siwezi kumnyang'anya kijana nafasi hiyo. Lakini akiacha mwenyewe, akatia saini kwamba ameacha, nafasi inarudi mkononi mwangu nimpe mwingine anayejua kugonga. Kila kocha mgeni anajua dawa yake: unawafanya waache.

Chini ya ukumbi wa michezo kuna chumba. Nimetandaza waya wa banda la kuku kutoka ukuta hadi ukuta, kimo cha kifua, asiwepo wa kusimama wima. Majiko ya gesi yanawaka pembeni. Vijana wawili wanaingia chini ya waya, natupa taulo katikati. Atakayetoka na taulo anakwenda kuoga. Aliyeshindwa anabaki mle mle, anapokea mtu mwingine ambaye hajachoka. Ngumi, kiwiko, kichwa, vyote ruksa.

Na mwanao Lanny yumo. Nampenda kama niliyemzaa, lakini ni mwepesi, tena ana huruma. Akimwangusha mtu, anampa mkono ainuke. Nikimtoa kwa mlango wa nyuma, matajiri walioniajiri watasema nimeanza kazi kwa upendeleo. Mwite nyumbani wewe. Sema Odell anahitaji mtu kiwandani. Chumba kinafunguliwa Februari; akiacha kabla ya hapo, hataingia mle ndani.

Mdogo wako,
Royce

Harkey
22 Januari 1959

Mdogo wangu Royce,

Natumaini barua hii itakukuta mzima pamoja na goti lako. Sisi huku hatujambo. Upepo umeng'oa bati la stoo, na mchungaji mpya anahubiri mpaka maharagwe yanaungua majumbani.

Hongera. Nimelia na mimi, ila nililia nimesimama. Niliwatangazia kanisani, na Bi Eula Finch akaniuliza kama sasa utanunua meno mapya.

Ama kuhusu Lanny, jibu ni hapana, na nimeshangaa wewe kuniomba. Umesahau alipokuwa na miaka kumi na moja akatoroka mazoezi akajificha kwenye pikapu ya baba yake? Nani alimshika ukosi akamrudisha uwanjani mbele ya watu? Wewe. Ulimwambia hivi, nami nilikuwepo: "Ukiacha mara moja, utaacha maisha yako yote." Hoyt Beasley aliacha mpira mwaka thelathini na nane, na mpaka leo kinyozi anamnyoa wa mwisho. Unataka mwanangu aishi hivyo hapa?

Baba alitupiga kwa mkanda wa kufungia nyumbu, mimi na wewe, na hakuna aliyekimbia. Ndiyo maana tuko tulivyo. Odell alifungua mdomo aseme mtoto arudi, nikamtazama, akaufunga.

Wewe ni mjomba wake. Mjomba ni mama mwenye ndevu. Mlee basi, usinitume mimi kazi yako. Nimekutumia pai ya pekani, mpe nusu.

Dada yako,
Verna

Belden
19 Februari 1959

Dada Verna,

Salamu kwa wote. Mimi mzima. Lanny ni mzima pia, kwa maana ya kwamba anatembea.

Dawa inafanya kazi. Kila alfajiri naona masanduku barazani mwa bweni na vijana wanangoja basi la kwanza, wengine macho yamefura hawaoni hata namba ya basi. Mmoja alinitapikia viatu, akaomba radhi, akatia saini, akatapika tena. Wasaidizi wangu wanacheka. Na mimi nacheka, maana ukiwa na kipenga shingoni huwezi kufanya vingine.

Lanny haachi. Kila siku yeye ndiye wa mwisho chini ya waya. Hajawahi kutoka na taulo hata mara moja. Pua imevunjika. Waya umemchana mgongoni mpaka shati linaganda. Jumanne nilimpelekea Burl Hatcher, ambaye shingo yake ni pana kuliko kichwa. Burl alimkalia kifuani akampiga kwa viganja, kushoto kulia, kama mtu anayekung'uta zulia. Nilipowatoa wote nikabaki naye, nikachuchumaa.

"Lanny, nenda nyumbani."

"Hapana, bwana kocha."

"Nakwambia kama mjomba wako."

"Ulisema hapa hakuna mjomba."

"Basi nakwambia kama kocha. Huna kasi, huna uzito, hutacheza hata dakika moja!"

Akatema damu pembeni, kwa adabu, asinichafue. "Ndiyo, bwana kocha. Kesho saa ngapi?"

Nikampiga kofi, Dada. Nilitaka achukie, aondoke. Alinitazama tu, kama tulivyokuwa tukimtazama Baba.

Neno moja lako linatosha. Akisikia wewe umesema rudi, atarudi. Nakusihi kwa jina la mama yetu.

Mdogo wako,
Royce

Harkey
3 Machi 1959

Mdogo wangu,

Hatujambo. Natumaini nawe hujambo, ingawa mkono ule uliompiga mwanangu ningependa upate baridi yabisi.

Odell aliniaga kwamba anakwenda kununua mikanda ya mashine, kumbe alikuja kwenu. Alimkuta Lanny bwenini amelala kifudifudi. Akamwambia gari liko nje, panda. Mtoto akasema, "Mama amesema nirudi?" Na Odell hajui kusema uongo, ndilo tatizo lake kubwa. Amerudi, hajaniambia kitu zaidi ya "pitisha chumvi" tangu Jumapili.

Nilikaa na kalamu jioni nzima. Royce, sikuweza kuliandika lile neno. Mkono ulikataa. Nimemwandikia lingine. Nimemwambia: mwanangu, anayepigwa kila siku ni yule anayengoja kupigwa. Kama hutaki kutoka, basi usimpe mtu mkono ainuke. Piga wewe kwanza, tena umpige mpaka asitake kurudi.

Mungu anisamehe kama nimekosea. Lakini nadhani sikukosea.

Dada yako,
Verna

Belden
11 Aprili 1959

Dada Verna, Dada yangu wee!

Hujambo, wote hawajambo, nyumba haijambo? Mimi usiniulize, leo hata goti linacheza dansi.

Ulimwandikia nini mtoto huyu? Wiki ile barua ilipofika alishuka ngazi akaingia chini ya waya kabla sijamwita. Nikampa Burl. Taulo likatua, Lanny hakuliangalia. Alimfuata Burl mwenyewe. Kichwa cha kwanza kilipiga mdomo, cha pili kikapiga mahali pale pale, na meno ya Burl yakamwagika juu ya mkeka. Halafu akamshika sikio, akamburuta mpaka nje ya waya, ndipo akarudi kuchukua taulo.

Akaniuliza, "Niende kuoga, bwana kocha?"

Nikasema nenda. Akasema, "Sijachoka. Nipe mwingine."

Nilimpa mwingine, na mwingine. Mmoja alivunjwa mkono, akatia saini kwa mkono wa kushoto. Dada, mimi nimezunguka uwanja huu tangu ujana, na kitu kile hakifundishwi. Nimemweka mlinzi wa kati, nyuma ya wale wazito, kazi yake kumwona aliye na mpira na kumwangusha. Nafasi yake hakuna atakayeigusa.

Yale niliyoomba Januari yasahau. Tumepata mtu.

Mdogo wako,
Royce

Belden
26 Oktoba 1959

Dada mpendwa,

Salamu za ushindi. Sijapata muda wa kuandika. Anayeshinda hana muda. Nadhani redio imekuambia. Hatujafungwa tangu msimu uanze.

Jumamosi ungekuwepo! Mkimbiaji wao alipokea mpira akageuka, na Lanny alikuwa ameshafika. Sauti ya pigo ilisikika mpaka jukwaa la juu, kama mlango wa ghala umebamizwa. Kijana wa watu alibebwa kwa machela na kiatu kimoja. Maelfu ya watu wamesimama wanaimba, "Stroud! Stroud!" Jina la mume wako, Dada, kinywani mwa majaji na matajiri wa mafuta. Yeye hakunyanyua hata mkono. Alisimama anangoja wamletee mwingine.

Matajiri wamenipa gari. Rangi ya krimu.

Mdogo wako,
Royce

Harkey
28 Desemba 1959

Mdogo wangu Royce,

Nakusalimu. Mimi nina afya. Odell hana, na sababu utaisikia sasa hivi.

Lanny alikuja Krismasi. Mji mzima ulimpokea kituoni, kinyozi alimnyoa bure, Bi Eula akamshika misuli mpaka nikaona haya kwa niaba yake. Na mimi nilijivuna, sikufichi. Nilichinja bata mzinga mkubwa kuliko tumbo la mchungaji.

Baada ya chakula Lanny alikuwa amesimama kwenye sinki ananawa. Odell akamjia nyuma, akamwekea mkono begani, kama alivyofanya tangu mtoto akiwa na kimo cha meza. Royce, sikuona ngumi. Niliona Odell yuko chini kati ya viti na taya limekwenda upande. Na Lanny juu yake, goti kifuani, ameshapandisha mkono wa pili. Nilipiga kelele jina lake. Akasimama, akajifuta mikono kwa kitambaa changu cha sikukuu.

"Asinijie nyuma," akasema.

"Ni baba yako!"

"Alinijia nyuma, Mama. Asinijie nyuma."

Kisha akakaa, akakata kipande cha pai, akala, na baba yake anagugumia sakafuni. Nilimwona marehemu Baba, Royce. Namna ile ya kutafuna. Mimi niliyesema mapigo yake yalitufanya tuwe tulivyo, nilijibanza kwenye kabati la vyombo nikawa mtoto wa miaka saba.

Odell amefungwa taya kwa nyaya, anakunywa supu kwa mrija. Alichoandika kwenye karatasi ni "si kosa la mtoto." Mimi naona ni kosa la watu wawili, na wote wawili ni watoto wa Tidwell.

Sasa nakuomba kile ulichoniomba. Mwondoe. Mnyang'anye helmeti, mfukuze, fanya lolote, nirudishie. Nitamwandikia mimi pia aache. Nimejifunza kuliandika neno hilo.

Dada yako,
Verna

Belden
9 Januari 1960

Dada Verna,

Nimepata barua yako na nimehuzunika. Mpe pole Shemeji, na hundi iliyomo ndani ni ya daktari.

Lakini unaniomba nini? Mwaka jana nilikupigia magoti, ukanijibu kwa habari za Hoyt Beasley. Sasa Lanny ni kapteni. Wamenipa mkataba mpya, na jina lake wamelitaja wao wenyewe kabla ya langu. Nikimwondoa leo, kesho mimi na Jolene tunaishi ndani ya lile gari la krimu, kama hawatalichukua.

Barua uliyomwandikia ameisoma, alinionyesha. Alisema, "Mama alikuwa mgonjwa alipoandika hii." Akaichana.

Ni damu changa, itapoa. Kuna vijana wengine mwaka huu nataka waache, na Lanny ndiye atakayekisimamia chumba. Mimi simgusi mtu tena. Yeye anatosha.

Mdogo wako,
Royce

Belden
22 Machi 1960

Dada Verna,

Salamu. Hatujambo kiasi.

Kuna msiba umetokea, utausoma gazetini, nataka uusikie kwangu kwanza. Kijana wetu mmoja, Gaylon Prewitt, aliteleza bafuni baada ya mazoezi, akaanguka vibaya, shingo. Amefariki jana hospitali. Alikuwa mtoto mzuri, mcheshi, si mchezaji. Daktari wa chuo ameandika hivyo hivyo, na vijana wote waliokuwepo wamesema hivyo hivyo.

Lanny ameumia moyo. Nimempa ruhusa aje apumzike nyumbani mpaka mambo yatulie. Mlishe, usimuulize mengi. Mwandishi wa gazeti akija, mwambie Lanny alikuwa mtoto mpole tangu utoto, maana ni kweli. Septemba atarudi, na msimu huu wanazungumzia ubingwa wa taifa. Dada, tumekaribia. Usinitupe sasa.

Mdogo wako akupendaye,
Royce

Harkey
27 Machi 1960

Royce,

Sisi tunapumua. Hiyo ndiyo salamu ya leo.

Lanny alifika kwa basi na begi moja. Odell akitaka kumpita, anakohoa kwanza, kisha anapita mbele yake. Jana asubuhi nilivuta kiti nikakaa naye uso kwa uso.

"Yule kijana aliteleza bafuni?"

"Ndivyo tulivyoambiwa tuseme."

"Nani amewaambia?"

"Kocha."

"Kocha, au mjomba wako?"

"Ni mtu mmoja, Mama."

Basi akanieleza, polepole, kama anasoma habari za mtu mwingine. Gaylon alikuwa ameshapigwa na vijana kadhaa siku ile, hana nguvu ya kusimama hata kama waya usingekuwepo. Ndipo ukamwingiza Lanny. Akambana shingo kwapani. Kijana akapiga sakafu kwa kiganja, akasema kwa sauti, "Naacha! Kocha, naacha, lete karatasi nitie saini!"

Ndilo neno mlilolitaka. Kila kitu mlichokitaka kutoka kwake alikuwa amekitoa. Na wewe ulikuwa mlangoni, kipenga kiko mdomoni. Lanny anasema alikutazama, akangoja. Ulimtazama, hukupuliza. "Kipenga kisipolia kazi haijaisha," akaniambia. Akaikaza mpaka alipoisikia shingo ikialika.

Nikamuuliza, "Na wewe mwanangu, hukusikia anasema anaacha?"

"Nilisikia," akasema. "Ndiyo maana nilimchukia."

Mkono ni wake na kipenga ni chako, Royce, lakini chuki ile hukumfundisha wewe. Nilimnyonyesha mimi.

Nilipata namba ya mama yake Gaylon kwa opereta. Anaitwa Ina, anashona mapazia huko Tully. Nikamwambia mimi ni nani. Aliuliza swali moja: "Kwa hiyo hakuteleza?" Nikasema hapana, aliomba kuacha na hakusikilizwa. Akalia, halafu akanishukuru. Alinishukuru mimi! Ningependelea anitukane.

Nimeyafikiria uliyoniomba. Nikinyamaza, mwanangu yuko huru, na Septemba unaye. Utamvalisha helmeti, wataimba jina lake, na atakayemjia nyuma siku moja atakuwa mke wake, au mtoto. Nikisema, huenda nikamwona kwa dirisha la gereza mpaka nizeeke. Nimechagua dirisha.

Nimempigia sherifu. Nitamwambia nilichoambiwa, na mahali uliposimama nitapataja. Odell naye atakuja, taya limefunguliwa, na ana mengi ya kusema kuliko nilivyodhani.

Lanny yuko mezani, nimempikia mayai na mkate wa mahindi. Sikumficha. Nimemwambia nani anakuja na nani amemwita. Aliweka uma chini, akasimama, nikajua atanipiga, na sikurudi nyuma. Alisimama hivyo muda mrefu, mikono imening'inia, haijui iende wapi.

Kisha akauliza, "Utakwenda na mimi?"

Nikamwambia nitapanda gari lile lile, nikae upande wake. Amevaa koti la kanisani, mikono ya koti imeishia juu ya viganja, na anajaribu kufunga tai. Fundo linamponyoka kila mara. Nasikia gari kwenye changarawe. Naishia hapa, nikamfungie tai.

Mama yake Lanny